Ngurumo ya Makusudi

Mzee aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa fundi redio. Mfuko wa shati lake ulijaa bisibisi. Binti wa pembeni yake alipopakata santuri mpya, yenye jalada la waridi lililofifia kama limelowa maji, mzee alipandwa na hasira kama amemwona aliyemwibia kuku.

"Hiyo! Mteja aliniletea gramafoni na santuri hiyo hiyo, nibadilishe mkanda wa kuzungusha sahani tu. Nikaijaribu, ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nikabadilisha sindano, nikabadilisha spika, mke wangu akahamia kwa dada yake. Ngurumo ileile!"

"Baba, huo ndio wimbo!" binti alifoka. "Magitaa yanapigwa hivyo kwa makusudi, sauti ya mwimbaji inazama humo ndani. Nimeitafuta duka kwa duka, halafu wewe unaiita mbovu?"

"Mtu aende studio akazamishwe kwa makusudi? Sasa sisi mafundi tuna kazi gani?"

Nilikuwa na jibu, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Kwa hiyo uliifanyaje?" binti aliuliza, tayari ameikumbatia ya kwake.

"Nilitengeneza mashine! Nikafunga kichujio, magitaa yakanyamaza, dada wa watu anayeimba akasikika neno kwa neno."

"Umeua wimbo, baba! Nani alikutuma?" Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Kwani anasemaje?"

Basi lilisimama. Mzee alibeba mkoba wake, akageuka akiwa mlangoni.

"Anawaomba wapunguze kelele."