Mzee Timazi Anatuachia Daftari la Maseremala

Nyie wa ofisi kuu, na nyie mlioacha kazi mkaenda kufuga vitambi, hamna haya hata kidogo? Mara ya mwisho kukanyaga yadi ya mbao ilikuwa lini? Mnasubiri mpaka mtu anaaga ndipo mletewe habari zake kwenye karatasi, kama wagonjwa wa kulishwa kitandani. Haya, someni basi, na mkae vizuri.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Timazi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuajiri maseremala wa boksi. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo amekula kwenye sufuria zangu, ndiyo maana wakasema niandike mimi kwenye jarida hili la kampuni. Shule niliiona kwa nje tu, kwa hiyo kalamu ameshika karani wa stoo. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapiga pasi.

Kwa msiojua kazi inayowalisha, zege likitoka kwenye mashine ni uji. Linataka chombo cha kulishika mpaka ligande, na chombo hicho ni boksi la mbao. Likishaganda, boksi linavuliwa, na mnaopiga picha siku ya uzinduzi mnaona ukuta tu. Mbao hamzioni, na seremala wake hamumuulizi.

Mzee Timazi aliwatafuta watu hao kwa jicho lake. Vyeti alivipokea kwa heshima, akavikalia. Kisha alimpa mtu vipande vya mbao, nyundo na misumari kumi na sita, akamwambia atengeneze boksi dogo la kujaza maji. Wote walidhani anaangalia linapovuja, kumbe yeye alikuwa anasubiri kuona mtu anavyolivua. Seremala wa vitanda, alisema, hupigilia msumari wa kukaa. Wa boksi hupigilia msumari wa kung'oka.

Kuna kijana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa, alitengeneza boksi zuri mpaka tukalizunguka kama bibi harusi. Kulivua akashindwa. Alivuta, akapiga, akakaa chini, akatokwa na machozi. Mzee akampa maji ya kunywa, akamwelekeza karakana ya makabati, na leo yule bwana ana karakana yake mwenyewe. Boksi lake bado lipo nyuma ya stoo. Kuku wa jirani wanatagia humo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo meneja ameniomba nilipite kwa mbali. Silipiti.

Siku ya kuajiri, getini hujaa watu mpaka barabarani, na kila mmoja anataka kujua kama yumo kwenye orodha.

"Mzee, nimo?"

"Umo."

"Na mimi je, nimo?"

"Wewe unanuka pombe mpaka kwenye kofia. Njoo kesho, labda utakuwemo."

Miaka ya mwanzo aliandika hivyo, kichwa chini, bila kuangalia uso, maana foleni ilikuwa ndefu na hakupenda mtu achomwe na jua bure. Jumatatu moja, miaka kumi na tisa iliyopita, aliandika maseremala kumi na mmoja wa kujenga boksi la tenki la maji. Kuta mbili za mbao zilisimama zikitazamana, katikati nondo na uwazi wa mtu kupenya kwa ubavu. Kupenya tu. Kunyanyua mkono humo huwezi.

Ijumaa asubuhi, jua limeshapanda, mashine zinazunguka, Mzee aliita majina kama ilivyo kawaida kabla ya kumwaga. Kila seremala lazima awe ametoka, asimame kwenye mchanga, aitike. Kumi na mmoja waliitwa, kumi na mmoja wakasema "Nipo." Akafunga daftari.

Ndani ya mbao kukasikika sauti, ya chini, ya mtu asiye na haraka.

"Nimo."

Watu walicheka. Wakamgeukia yule tunayemwita Kijiko, kwa sababu masihara yote ya yadi ile yalikuwa yake. Kijiko alikuwa amesimama ubavuni kwangu na kikombe cha chai, na uso wake umekuwa kama majivu. Mzee akaita tena, mmoja mmoja, safari hii akiwatazama. Kumi na mmoja. Na tena, kutoka ndani, pole pole kama mtu anayekumbushia alichoahidiwa: "Nimo."

Injinia wa wakati ule alipiga kelele kwamba zege linaganda. Mzee akamwambia ligande. Akaambiwa atafukuzwa kazi. Akasema vizuri, lakini atafukuzwa huku boksi limefunguliwa.

Wakalifungua upande wa chini. Ndani hapakuwa na mtu, wala panya. Ila kwenye ubao, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, palikuwa na misumari mipya imepangwa mstari mmoja ulionyooka, vichwa ndani, ncha nje. Nawaeleza msiojua: boksi hupigiliwa kutoka nje. Misumari ile ilipigiliwa na mtu aliye ndani, mahali ambapo mkono haupati nafasi hata ya kujikuna.

Mzee akafungua daftari. Chini ya majina kumi na mmoja palikuwa na alama ya vema, kwa mkono wake mwenyewe, na jina hakuna. Hapo ndipo alipokumbuka. Jumatatu getini, wa mwisho kabisa, mtu aliuliza taratibu kama yumo. Akamjibu "Umo," akatia alama, akainua kichwa amuulize jina. Mbele yake palikuwa na barabara tupu. Akadhani bwana amekwenda chooni.

Tangu siku ile hakumwambia mtu "umo" bila kumkazia macho. Na yule aliyekwisha kumkubali, angefanyaje? Unamfukuzaje mtu usiyemjua sura? Barua unamkabidhi nani? Kwa hiyo kila alipoanza daftari jipya aliacha mstari wa mwisho mtupu, na kila kabla ya kumwaga zege, wote wakishasema "Nipo," aligeukia mbao akasema kwa adabu, kama unavyomwambia jirani: "Na wewe, toka kwanza." Kisha anasubiri. Baada ya muda mbao hulia mara moja, kama ngazi iliyoachwa na mguu. Ndipo anapoinua mkono na zege linamwagwa. Mainjinia wapya hucheka siku ya kwanza. Siku ya pili husubiri kama sisi, kofia mkononi.

Miaka kumi na tisa, hakuna hata mtu mmoja aliyebaki ndani ya zege letu. Wekeni hilo kwenye hizo ngao zenu za ushindi.

Mwezi huu imeletwa mashine ya vidole. Unagusa ukiingia, unagusa ukitoka, taa inakuwa kijani, na mzee wa kuita majina hahitajiki. Sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na Jumatano iliyopita.

Ukuta ulikuwa wa tenki la pili, maseremala tisa, mmoja wao kitindamimba wangu. Mzee Timazi alimwajiri mwaka juzi, na alimrudisha mara tatu kabla ya kumkubali, asije mtu akasema ni kwa ajili ya pilau ya mama yake. Siku hiyo Mzee alikuwa amekwisha kukabidhi kazi. Amesimama pembeni na viatu vya kuendea nyumbani, mikono nyuma. Waligusa mashine wote tisa. Taa ikawa kijani. Injinia akainua mkono, na mwenye bomba akalielekeza mdomo wake juu ya mbao.

Mimi huwahesabu watu kwa sahani. Nilipanga sahani tisa, nikatazama mchangani, nyuso ni nane.

Sikumwuliza mtu. Nikaita majina yao ya utani, mwiko mkononi. Mrefu? Nipo. Kijiko? Nipo, Bibi. Bwana Harusi? Nipo. Nikaenda hivyo mpaka nikafika kwa mwanangu, nikamwita jina la nyumbani. Bomba likakohoa, zege la kwanza likaanza kutoka.

Ndani ya mbao, sauti ya chini, isiyo na haraka, ikasema: "Nimo."

Haikuwa sauti ya mwanangu. Nimemzaa mimi, namjua hata akipiga chafya mtaa wa pili. Lakini miguu haikungoja kuelezwa. Niliurusha mwiko ukampiga mwenye bomba kwenye kofia, akaliachia, na Mzee Timazi, umri wote ule na viatu vile vya ngozi, alikuwa tayari yuko juu ya ngazi anamulika ndani. Mwanangu alikuwa amechuchumaa kule chini kabisa, anatafuta futi yake ya kupimia iliyomdondoka. Aligusa mashine, akakumbuka futi, akashuka tena ndani kwa upande wa nyuma. Kelele za mashine ya zege zimemziba masikio. Hakusikia akiitwa, na hakufungua mdomo. Alipotoka, zege limemtapakaa begani, aliuliza kwa nini wote tunalia.

Nilimpiga kofi, kisha nikamkumbatia, kisha nikampiga tena.

Mzee hakuteremka upesi. Alibaki pale juu ameinamia uwazi ule, akasema, nami nilimsikia: "Ahsante, ndugu yangu. Toka na wewe sasa." Tukasubiri. Injinia naye alisubiri. Mbao zikalia mara moja. Ndipo zege likamwagwa.

Jioni hiyo alikuja jikoni akaweka daftari juu ya meza ya vitunguu. Nikamwambia anajua fika kwamba sijui kusoma. Akasema wanaosoma wametazama taa ya kijani, mimi nikatazama nyuso, na kwamba mstari wa mwisho hauna cha kusomwa. Meneja amekubali niwe ninaita majina kila siku ya zege. Kwa kweli alikuwa bado anafikiria, nikamshukuru kabla hajamaliza.

Mzee Timazi, umewapa watu kazi, na jioni umewarudisha kwa mama zao wakiwa wazima. Mmoja wa mama hao ni mimi, na shukrani yangu haiingii kwenye jarida. Nenda ukalale mpaka jua likuchome kwenye dirisha. Mkeo asikutume sokoni zaidi ya mara mbili kwa siku. Magoti yako yakutii, chai yako isipoe, na kila mlango utakaobisha uambiwe karibu na mtu unayemwona uso.

Nanyi wengine, mkija yadi, msipitilize kwenye ile mashine mkaenda kushangaa ukuta. Njooni kwanza jikoni. Nitajieni majina mnayoitwa na mama zenu, simameni nyuso zenu nizione kwenye mwanga, kila mmoja achukue sahani. Na siku ya zege hakuna atakayeondoka mpaka sahani yake imerudi mkononi mwangu, tupu.