Veronika Mwaikasu na Mvinyo wa Wakamwana

Marehemu Veronika Mwaikasu alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 kijijini Ikombe, binti wa mfinyanzi. Alisoma hadi darasa la nne, akaachishwa shule ili amsaidie mama yake kufinyanga. Jambo hilo lilimkera mpaka uzeeni, wala hakulificha.

Mwaka 1971 aliolewa na marehemu Ezra Mwaikasu wa Bondeni, Kyela. Alifika na mitungi yake, akakuta nyumba inayoishi kwa mvinyo wa ndizi. Mama mkwe wake, Tusajigwe, alikuwa amefundishwa na mama mkwe wake, naye akamfundisha Veronika. Ndivyo kazi ile ilivyorithishwa: kwa wakamwana tu, maana binti angeolewa na kuihamishia siri ukweni.

Mvinyo wake wa kwanza uligeuka siki. Tusajigwe aliunywa kikombe kizima mbele ya wageni bila kukunja uso, kisha akamwambia uani, "Mwanangu, umenichoma koo! Lakini mkamwana wangu hachekwi nikiwa hai."

Mikononi mwa Veronika mvinyo ule ulipata jina hadi Kasumulu. Harusi za Kyela zilimpigia hodi mapema.

Wake wa wanawe, Godwin na Aliko, waliishi Mbeya na hawakuitaka kazi hiyo. Aliyeitaka ni binti yake Ambwene, aliyeosha mitungi ile tangu utoto.

"Nifundishe, mama, kabla hujachoka."

"Wewe ni wa watu," alimjibu. "Nikikupa wewe, nitakuwa nimemsaliti marehemu mama mkwe."

Hata Ambwene alipoachika akarudi nyumbani, jibu halikubadilika. Lilimuuma sana.

Tarehe 4 Juni 2024 Veronika alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli. Hapo ndipo alipomshika Ambwene mkono na kumwonyesha mitungi. Ambwene alijua kumenya na kukamua ndizi. Majani yaliyotiwa mwishoni hakuwahi kuonyeshwa. Alimletea ya kila aina kutoka shambani. Mama alitikisa kichwa, akatikisa tena, mpaka akafumba macho huku machozi yakimtoka. Ambwene alijaribu kutengeneza mvinyo peke yake, haukufaa, akaumwaga wote.

Veronika alifariki nyumbani kwake Bondeni tarehe 19 Agosti 2025, Ambwene akiwa pembeni yake.

Ameacha watoto watatu, Godwin, Aliko na Ambwene, wakamwana wawili na wajukuu saba. Mvinyo mtakaokaribishwa nao leo umenunuliwa dukani.

Bwana ampe Veronika pumziko jema, na ampe Ambwene moyo wa kumsamehe mama yake.