Shangazi na Matairi Yasiyopiga Kelele

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuziba pancha katika karakana yetu, fundi tunayemwita Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alianza kwa kujaza upepo, akahamia kwenye matairi ya malori, na mikono yake ikakomaa hapo. Shangazi haongei, anahutubia. Mteja huja na pancha moja akaondoka na habari za mtaa mzima. Mumewe hulalamika kwamba sisi ndio tunaofaidi. Nyumbani Shangazi hufika sauti imeshakauka.

Ndiyo maana tulicheka yalipoanza kuletwa matairi ya kupunguza kelele, yenye sifongo nene iliyogandishwa ndani, na kazi akapewa yeye. Wengi wetu tuling'oa sifongo, tukabandika kiraka, basi. Shangazi alikata kipande kilichofunika tundu tu, akasugua mpira, akabandika kiraka, kisha akakirudisha kile kipande kwa gundi, taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Siku moja akaja mzee na mkewe. Pancha yao ilikuwa imezibwa kwingine, sifongo ikatupwa, na sasa gari lilinguruma. Tulimwambia tairi ni zima, aende zake. Akasita, kisha akasema chini chini, "Masikio ya mke wangu yanakwisha. Nyumbani hanisikii tena. Mlemle garini, bega kwa bega na bila kelele, ndimo tulimokuwa tunaongea."

Shangazi akanyamaza, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Akatafuta tairi kuukuu la aina ileile, akabandua sifongo yake yote, akaisafisha, akaipachika ndani ya tairi la mzee. Ikabanduka. Akaanza upya, chakula cha mchana kikapoa. Jioni wakaenda kulijaribu gari, yeye kakaa nyuma. Njiani mzee akamnong'oneza mkewe jambo, na mama wa watu akaangua kicheko: "Wewe! Huoni kuna mtu nyuma?"

Shangazi alirudi akifuta macho, akaisingizia gundi. Tangu siku hiyo, hapa kwetu hakuna anayetupa sifongo.

Asante, Shangazi, kwa subira yako na kwa kutulea. Tunakuombea afya, na usingizi wa mchana usiokatizwa na honi. Na wanao wakipata pancha, usithubutu kugusa jeki; walete gari kwetu. Mgongo wako umeinama vya kutosha.