Kumzima Mwenzako

Basi lilikuwa na nafasi tele, lakini mama mmoja, fundi cherehani aliyesahau futi yake shingoni, alikwenda kukaa karibu na fundi simu asiyemjua. Kituo kimoja tu, wakawa wanabishana kuhusu watoto.

"Mjukuu wangu ana miaka sita, shule yake yote ni ya mtandaoni, anasomea nyumbani kwenye kompyuta," mama alisema. "Jumamosi mwenzake wa darasani alikuja kwetu kwa mara ya kwanza, akamnyang'anya mdoli. Unajua mjukuu wangu alifanya nini? Alimbonyeza paji la uso, eti amzime!"

Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nilijificha nyuma ya gazeti nicheke.

"Lakini mama, mtandaoni hawaambukizani mafua," fundi simu alisema.

"Afadhali mafua, mwanangu. Mafua unapewa na mtu."

Fundi simu akajikaza. "Binti yangu naye anasoma hivyo hivyo, na hesabu anamaliza kabla ya mwalimu."

"Hongera. Rafiki yake anaitwa nani?"

Fundi simu akainuka, akaelekea mlangoni. Basi liliposimama kituoni kwake, alishuka mbio kama mtu aliyeokolewa. Mama alichungulia dirishani, akampazia sauti: "Hata jina la utani litatosha!"