Mjukuu wa Kipimo na Mafua ya Benchi Letu

Benchi hili nililiweka nje ya saluni yangu kwa ajili ya wateja wa kunyoa, mpaka wateja wakapungua na watu wa maneno wakaongezeka. Kila mtu ana nafasi yake, na ukikalia ya mwenzako umeanzisha vita. Mlangoni nakaa mimi, kinyozi. Anafuata Breki, dereva mstaafu wa lori, halafu Betri, fundi redio, na mwisho Kipimo, fundi cherehani, futi shingoni. Kahawa anatuletea Shemeji. Wote tunamwita hivyo ingawa hakuna hata mmoja aliyeoa kwao. Mwaka jana mafua makali yalitupitia kwa mpangilio huo huo wa kukaa. Yakaanza kwangu, yakafika kwa Kipimo, naye akayapeleka nyumbani. Binti yake akalazwa siku tisa akipumulia mashine. Ndiyo maana mwaka huu binti alipojifungua, Kipimo alituhama. Miezi minne alikaa ng'ambo ya uchochoro juu ya debe la rangi, tukipiga soga kwa kupayuka. Tulimcheka mpaka basi. Juzi baridi ikaisha, akarudi mahali pake, akaagiza kahawa ya wote.

— Kunyweni, ndugu zangu, akasema. Mtoto amevuka baridi nzima bila hata kukohoa. Nina furaha, sijui niiweke wapi.

— Mungu mkubwa, akasema Breki. Na sisi tumechangia.

— Mmechangia nini?

— Kelele. Mafua hayapendi kelele. Miezi minne tunapayuka uchochoro mzima, yangekaa wapi?

— Wacha hizo! Betri akadakia. Ni moshi wa lehemu yangu. Naunga waya za redio kutwa nzima hapa, unadhani moshi ule unaacha kitu hai?

— Moshi wako umenipa mimi kikohozi, akasema Shemeji huku akimimina. Ni tangawizi. Baridi hii niliizidisha kwenye kahawa.

— Kwani mtoto mchanga anakunywa kahawa yako? Breki akauliza.

— Babu yake anakunywa. Akirudi nyumbani anampumulia.

— Kwa hiyo babu ni birika? nikauliza.

Betri hakucheka. Akasogeza miwani, nikajua sasa tunaelekea kubaya.

— Nyinyi hamkusoma. Mafua ni mawimbi, kama redio. Mnaiona ile antena juu ya paa? Niliifunga mwezi ule ule mtoto alipozaliwa. Mafua yote ya mtaa yananasa pale, hayashuki.

— Mbona wewe uliumwa wiki mbili? Shemeji akamuuliza.

— Si mimi niliyekuwa nimeishika!

Kipimo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya futi. Kisha machozi yakawa hayakatiki, tukaona si ya kicheko tena.

— Ni chanjo, jamani, akasema. Binti yangu alichanjwa akiwa na mimba ya miezi saba. Nesi alituambia kinga ya mama inamfikia na mtoto, maana mtoto mwenyewe hachanjwi mafua mpaka atimize miezi sita. Basi tukamzungushia ukuta wa watu. Mimi, mke wangu, mkwe, hata dada wa kazi, wote tukachomwa.

— Na hukuumwa? akauliza Breki.

— Niliumwa siku mbili, mafua mepesi. Nesi hakuniahidi kwamba sitaumwa kabisa, alisema makali yatapungua. Nikavaa barakoa, nikalala chumba cha cherehani. Lakini mwaka jana... Mwaka jana nilikaa nje ya wodi nasikiliza ile mashine inavyompulizia mwanangu, na najua mafua yale nimeyabeba mimi kutoka hapa. Sikuwaambia. Ningewaambia nini?

Hilo lilinichoma, sifichi. Yalianza kwangu yale. Nilikuwa na homa na bado nikafungua saluni, nikawapigia watu chafya kisogoni, eti mwanaume mzima halali kwa mafua. Ujinga mtupu.

Mara binti mwenyewe akatokea kwenye kona, mtoto kifuani.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama!

— Nimekuja kuwashukuru. Baba anasema alipokaa kule hamkununa, na kila siku mlimuuliza mtoto anaendeleaje. Siku nyingine alirudi nyumbani anacheka peke yake. Mngemsusa, asingeweza. Leo nataka mumpakate mjukuu wenu.

Breki alishasimama. Mikono ameshaifuta kwenye suruali, ameinyoosha. Mtoto akamwangalia lile jitu, akamchekea kwa ufizi mtupu.

— Ila mvua zikianza mafua yanarudi, na huyu bado hajafika miezi sita, binti akasema. Nyumbani tuna sharti dogo tu, hata shangazi yake kalifuata. Nani kati yenu amechanjwa?

Betri akaitazama antena. Shemeji akakisuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi. Breki akarudisha mikono nyuma polepole, akaificha mgongoni.

— Haidhuru, baba zangu, binti akasema, na hakusema kwa ubaya. Atawasubiri.

Akamkabidhi mtoto kwa babu yake, Kipimo akampakata pale benchini, na sisi tukabaki tunamtazama kwa mbali, wanaume wanne wenye nadharia zetu. Nikaingia ndani nikachukua ufunguo, nikafunga saluni mchana kweupe.

Zahanati iko mtaa wa pili. Breki, aliyeshusha lori mlima mzima bila breki, akatangulizwa kwenye kiti maana tulijua atatoroka. Nesi akamkunja mkono wa shati.

— Mzee, umri wote huu hujawahi kuchanjwa mafua. Leo kimekuleta nini?

Breki alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka.

— Kuna mtoto amenichekea, akasema, nikashindwa kumshika.