Viti Mlivyokalia

Risala ya Klabu ya Sayansi, katika sherehe ya kutunuku nishani za wanasayansi

Mgeni rasmi, Profesa wetu wa vijidudu, wanasayansi mnaovishwa nishani leo, Mwalimu Mkuu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu:

Makaribisho

Picha zenu tulizikata magazetini tukazibandika ukutani, na leo mmeingia ukumbini kwetu kwa miguu yenu, tena mmoja wenu amepiga chafya kama sisi. Profesa, getini ulimpa mkono mwenyekiti wetu, ambaye kwa wingi wa maswali tumembandika jina la Kwanini. Papo hapo akagoma kunawa. Tukamkumbusha kwamba wewe ndiye unayetuhimiza redioni tunawe kwa sabuni. Akasema, "Sabuni ipo kila siku. Profesa je?"

Historia

Klabu yetu ilizaliwa maabara. Kisha upepo ukaezua paa la stoo, na viti vya ukumbi vilivyowekwa humo vikahamishiwa maabara kwa muda. Muda huo bado unaendelea.

Mafanikio

Hadubini tumejifunza kwa mchoro wa ubaoni. Lakini leo viti vyote vilitolewa ili mpate pa kukaa, na kwa mara ya kwanza tukaiona sakafu ya maabara. Tulipiga vigelegele. Kwanini akaingia mbio, akakandamiza kiganja chake, kile kile ulichokishika, kwenye kisahani chenye rojo ya supu ambamo vijidudu huota. Ndipo akakubali kunawa. Utuwie radhi, Profesa, maana vikiota hatutajua vipi ni vyako na vipi ni vyake.

Changamoto

Vijidudu vinataka siku kadhaa, na viti vinarudi jioni hii. Mwezi ujao Kwanini ana mtihani wa vitendo, na hajawahi kutia jicho kwenye hadubini, ingawa ipo kabatini, nyuma ya viti. Anataka kuwa kama wewe, na tunamwonea uchungu. Hatumlaumu Mwalimu Mkuu. Viti hivyo asubuhi alivibeba pamoja nasi, na hadi sasa ameshika kiuno.

Maombi

Tunaomba mabati ya stoo.

La pili halikuwamo kwenye rasimu. Tunaomba, Profesa, umwombee Kwanini ruhusa atoke ukumbini sasa hivi, pamoja na mwalimu mwenye ufunguo wa kabati, akaitazame hadubini. Hotuba yako ameingoja kuliko sisi sote, na tulipomuuliza kama kweli yuko tayari kuikosa, alilia kidogo, kisha akasema, "Mtanisimulia."

Kwa hiyo, Profesa, usitufupishie. Sema yote unayoyajua, na wageni wetu msiinuke upesi, kwa kuwa mkiwa mmekaa, maabara iko wazi.

Mwenyezi Mungu awajalie afya, na leo awajalie pia subira ya kukaa.

Ni sisi tunaowapenda,
Klabu ya Sayansi, pungufu mmoja.