Mzee Fungua, Mkaguzi wa Darajani

Ndugu, jamaa na marafiki mliotoka pande zote mbili za mto, haya ni maisha ya mpendwa wetu kama tulivyoyakusanya kwa mjane wake, kwa dada yake na kwa waliofanya naye kazi. Pale kumbukumbu zilipogongana tumemfuata mjane, kwa sababu habishiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1955, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi wa breki za mabehewa na mama mshona nguo. Dada yake anakumbuka siku shangazi yao alipokuja kutembea akiwa na kikapu kilichofunikwa. Kabla hajapewa hata kiti, mtoto yule wa miaka mitano alishika ukingo wa kikapu akauliza, "Shangazi, umetuletea au umekuja kuchukua?" Mama yake alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mwacheni. Huyu ameuliza mnachokiwaza wote."

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha sekondari ya bweni kuanzia 1969 hadi 1972 alipomaliza kidato cha nne. Alipenda hesabu na jiografia. Katika kwaya ya shule alidumu wiki moja tu. Mwalimu alimtoa kwa upole, akampa kazi ya kupanga viti, na marehemu alivipanga vizuri kiasi kwamba hakurudishwa kuimba tena.

Tarehe 3 Januari 1974 aliajiriwa na idara ya forodha kama karani wa ghala, na mwaka 1981 akahamishiwa kituo cha mpakani, penye daraja, akiwa mkaguzi wa mizigo. Kituo kilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ndefu. Kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno, feni ya mezani iligeuka upande mmoja tu, na dirisha lilitazama kizuizi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na chumba kama hicho, ila rangi yake ilikuwa ya bluu. Watu wa vyumba hivyo viwili walionana kila siku kwa miaka bila kusalimiana. Waliruhusiwa kuwasiliana kwa barua tu, na barua ilipaswa kupanda hadi makao makuu, ivuke mpaka, ishuke tena. Ilipofika, mzigo ulioandikiwa ulikuwa umeshatumika na kuisha.

Ni lazima tueleze desturi ya kituo siku zile, kwa maana ndiyo iliyokuja kuwa vita ya maisha yake. Mzigo ukitiliwa shaka, haukufunguliwa. Mkaguzi alisema, "Geuza," na lori likageuka kurudi lilikotoka. Ilikuwa rahisi. Hakuna ushahidi, hakuna mahakama, hakuna maadui. Mwisho wa mwaka kituo kilichogeuza malori mengi kilisifiwa kuwa ni kituo safi. Marehemu naye aligeuza, tena kwa sauti kubwa.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na muuguzi wa hospitali ya mji ule ule wa mpakani. Walijuana siku mkanda wa chuma wa kreti ulipompasua kiganja. Alipokuwa anashonwa alimkazia macho muuguzi bila kupepesa, mpaka muuguzi akamwambia, "Kaka, nishone au nikupe hati zangu za kusafiria?" Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani marehemu alikuwa mcheshi na mpole, ila hakuna mfuko wa shule uliopita mlangoni bila yeye kusema, "Fungua." Watoto walimwiga, majirani wakadakia, na jina la Mzee Fungua likamganda tangu hajafikisha miaka thelathini na mitano.

Mwezi Agosti 1986 aligeuza lori la saruji ambalo hakulipenda. Alipongezwa mbele ya wenzake. Wiki chache baadaye mkewe alirudi kutoka kazini mchana, akaketi mezani bila kuvua viatu.

"Lile lori la saruji mlilolirudisha, unalikumbuka?"

"Nalikumbuka. Kwani vipi?"

"Limefika."

"Limefika wapi? Mimi mwenyewe niliona likigeuka."

"Limefika wodini kwangu, baba watoto. Utingo wake amelala kitanda cha dirishani na risasi ya paja. Anasema lilipogeuzwa, bunduki zilishushwa zikavushwa kwa mitumbwi huko juu mtoni. Walizigawana, wakagombana, kisha wakaenda kuvamia soko. Tangu asubuhi nashona watu. Sasa niambie, mlipongezana kwa lipi?"

Mjane anasema chakula kilipoa mbele ya marehemu. Mwishowe akasema neno ambalo wengi wetu tulilisikia kwake baadaye mara nyingi: "Ukimfukuza nyoka akaingia kwa jirani, hujaua nyoka. Umemhamisha tu." Tangu siku hiyo hakusema tena "Geuza."

Lakini kufungua peke yake hakukutosha. Aliyekamatwa upande mmoja alidai mahakamani kwamba mzigo uliwekwa na maofisa wenyewe, na ng'ambo walikana kwamba umetokea kwao. Alitaka maofisa wa pande zote mbili wafungue pamoja, washuhudie pamoja, waandike pamoja. Alipeleka ombi makao makuu mara kadhaa. Majibu yalisema suala lake linashughulikiwa.

Tarehe 12 Machi 1987 lilikuja lori la vigae vya bafuni. Matairi yalilala kuliko uzito ulioandikwa. Marehemu aliomba lifunguliwe, lakini mkuu wa kituo alimkata kauli akasema, "Geuza." Lori likageuka. Lilipofika ng'ambo, wale nao walikuwa wameshaligongea muhuri wa kutoka, hawakulitaka. Basi likasimama katikati ya daraja, limekataliwa huku, limekataliwa kule. Foleni ikakua pande zote mbili. Dereva alitoa jiko akachemsha chai juu ya lami, akawakaribisha wapita njia kama mtu aliyefika kwake.

Mkuu wa kituo hakuonyesha wasiwasi. "Liache. Likichoka litaondoka lenyewe."

"Litaondoka, mkuu. Ila litakwenda kwa nani?"

"Hilo si letu."

"Mke wangu ndiye atakayewapokea majeruhi," marehemu akasema, akikitazama kizuizi.

"Sikiliza, bwana. Ukivuka hicho kizuizi bila kibali, usirudi na sare yangu."

Marehemu alivua kofia ya kazi, akaiweka juu ya kaunta taratibu, mbele ya mkuu wake. Akachukua mtaimbo wa kufungulia makreti, akapita chini ya kizuizi. Wenzake walidhani amechanganyikiwa. Alikuwa na watoto wawili wadogo na wa tatu tumboni mwa mama yake, na alijua vizuri kwamba akikuta vigae vitupu hatakuwa na kazi ya kurudia.

Alipofika katikati ya daraja alisimama, akamwita mkaguzi wa ng'ambo, mtu mfupi mwenye miwani ambaye hakuwahi hata kumpungia mkono.

"Jirani! Njoo!"

"Siruhusiwi kuvuka!"

"Hata mimi siruhusiwi! Ndiyo maana nimeishia hapa!"

"Na tukikuta vigae?"

"Basi utanipa kazi ya kujenga bafu lako!"

Yule bwana alitazama nyuma, akatazama mbele, akachukua koleo la kukatia lakiri zinazofunga milango ya malori, akaja. Alipofika alisema tu, "Bafu langu ni dogo, usinitie hasara." Wakakata lakiri, wakapanda.

Kreti ya kwanza ilikuwa ya vigae. Ya pili, vigae. Dereva alikunywa chai yake akawaambia, "Wazee, chagueni rangi basi, tusikeshe hapa." Ya tatu nayo vigae. Jirani alianza kupangusa miwani. Marehemu alisema, "Tushuke chini zaidi," wakaendelea kuondoa kreti moja moja, jua likiwa utosini, mpaka dereva akaacha kucheka. Safu ya chini kabisa ilikuwa na bunduki zilizopakwa grisi na kuviringishwa kwenye magunia, pamoja na risasi zilizojazwa ndani ya makopo ya gundi. Walichukua karatasi moja, wakaiweka juu ya boneti, wakaandika walichokiona, wakatia saini wote wawili.

Kesi haikupinduliwa, kwa kuwa mashahidi walitoka nchi mbili na walisema kitu kimoja. Uchunguzi ulimfikia dalali aliyekuwa nchi ya tatu, ambaye hakuwahi kuliona daraja letu. Hata hivyo marehemu alisimamishwa kazi kwa kuvuka bila kibali. Miezi ile mke alikwenda wodini, mume akabaki kupika na kulea. Mjane anashuhudia kwamba wali haukuwahi kuwa na mchanga, kwa sababu ulikaguliwa. Alirudishwa kazini mwezi Oktoba 1987. Mkuu wa kituo mwenyewe ndiye aliyemrudishia ile kofia, akamwambia, "Chukua. Imenisumbua mezani."

Ilichukua miaka mingine saba ya maombi, vikao na majibu ya kukatisha tamaa. Mwaka 1994 nchi jirani zilikubaliana kwamba mzigo wa mashaka usirudishwe, ufunguliwe mbele ya pande zote. Marehemu alitumwa kwenye mikutano ya wakaguzi wa mataifa mengi, waliopambana na magendo ya silaha, pembe za ndovu na dawa bandia. Alikwenda kusikiliza zaidi kuliko kusema. Kwa mama mmoja mkaguzi wa nchi ya mbali alijifunza kutambua dawa bandia, akarudi akawafundisha vijana wake, na kila mara alitaja kwamba si ujuzi wake. "Mwenzako akinyolewa," aliwaambia, "wewe usitie maji tu. Mpigie simu umuulize wembe ulitoka wapi."

Mwaka 2001 kilijengwa kituo cha pamoja chenye kaunta moja. Yeye na Jirani walipewa meza zinazopakana, wakagombania feni hadi walipostaafu wote mwaka 2015.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kudhoofika. Kwa kuwa hospitali kubwa iko ng'ambo, alivuka daraja mara tatu kila wiki kusafishwa damu. Hakuacha kuwauliza vijana wa zamu, "Leo mmefungua nini?" Tarehe 2 mwezi huu, saa nne asubuhi, alifariki dunia huko huko hospitalini, mkewe akiwa amemshika mkono.

Juzi alirudishwa nyumbani. Gari lilipofika kituoni maofisa wa pande zote mbili walijipanga wakapiga saluti, na kizuizi kikainuliwa. Ofisa wa zamu, binti aliyefundishwa naye, alimwinamia mjane dirishani. "Mama, piteni tu. Huyu ni baba yetu."

Mjane aliuliza, "Majeneza mnayapitisha tu siku hizi?"

"Hapana, mama. Ila huyu..."

"Kama ni baba yenu, msimtie aibu. Fungueni."

Jeneza lilishushwa. Binti alifungua upande wa huku, kijana wa ng'ambo akasimama upande wake, wakatazama wote wawili kama inavyotakiwa, wakilia. Waliandika karatasi moja, wakatia saini. Mjane aliinyoosha kola ya shati la mumewe, akasema, "Haya, sasa mpitisheni."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na Jirani, ambaye familia imekubali kwa kauli moja aandikwe hapa.

Kazi yake imo mikononi mwa walio hai. Yeye na apumzike, kwa amani ile aliyoipigania.